GPS ya mkononi ya kuchukua kwa mawe ya Mwanza na mwambao wa ziwa

Nyegezi_Dira
Wakuu, mwadila.
Kikundi chetu cha matembezi kina fungu la kununua GPS mbili za mkononi. Kazi yenyewe ni kupanda vilima vya mawe kuanzia Isamilo hadi Luchelele, kufuata mwambao kwenda Igombe na Kayenze, kuvuka kwenda Ukerewe pale inapobidi, na kuanza geocaching kwa utaratibu: kwanza kutafuta makasha yaliyofichwa na wengine, baadaye kuficha ya kwetu. Tunazozifikiria ni Garmin eTrex 22x, eTrex SE na GPSMAP 65s. Simu zetu zote ni Android.
Je, simu haitoshi? Kama haitoshi, tuchukue ipi na kwa nini? Naomba majibu ya watu wanaojua mawe yetu, maana uwanjani pa wazi kila kifaa ni kizuri.

JiweLaPili
Mkuu, umeuliza swali pale panapotakiwa. Uwanjani pa wazi, eTrex ya bei ndogo na GPSMAP zote zitakupa mita 3 hadi 5. Tofauti inaanza ukishaingia katikati ya mawe.

Mwamba mkubwa unafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza unaziba nusu ya anga, kwa hiyo kifaa kinabaki na setilaiti za upande mmoja tu, na hesabu yake inalegea. Pili, mawimbi ya setilaiti yanagonga uso wa jiwe kisha yanakifikia kifaa yakiwa yamechelewa. Kifaa hakijui kwamba wimbi limedunda, kinadhani setilaiti iko mbali zaidi, na alama yako kwenye ramani inaruka mita 10, 15, hata zaidi, wakati wewe umesimama palepale. Namba ya usahihi kwenye skrini inaweza kuendelea kuonyesha mita 4. Hapo ndipo watu wanapopoteza saa nzima wakichungulia ufa usiohusika.

Dawa ya kiufundi ni kifaa kinachopokea masafa mawili, L1 na L5. Wimbi la L5, megahezi 1176.45, limetengenezwa kwa namna inayokirahisishia kifaa kulitenga wimbi la moja kwa moja na lile lililodunda. GPSMAP 65s inapokea masafa hayo. eTrex 22x na eTrex SE zinapokea setilaiti za mifumo zaidi ya mmoja, lakini kwa masafa mamoja tu. Setilaiti nyingi zinasaidia anga linapozibwa. Zikiwa kwenye masafa yaleyale, haziondoi tatizo la kudunda.

Jambo la pili ni antena. GPSMAP 65s ina kile kigunzi kinachochomoza juu, na ndani yake kuna antena ya kusokota inayopokea vizuri ukiishika wima. eTrex ina antena bapa iliyolala ndani ya mwili wake, kwa hiyo inataka uso wake utazame angani. Ukiiweka eTrex wima mfukoni, umeshaipunguzia nguvu kabla hujaanza kazi.

Kwa hiyo kwa mawe ya Isamilo na Capri Point jibu langu ni 65s. Kwa njia ya Igombe hadi Kayenze, eTrex inatosha kabisa, na pesa inayobaki ingenunua betri nzuri na chaja.

Mtaa_wa_Rufiji
Kabla hajatoa pesa, azipime kwanza simu zake. Simu zenye masafa mawili zipo tangu 2018, Xiaomi Mi 8 ndiyo iliyotangulia, na sasa hata za bei ya kati zinayo. Pakua programu ya GPSTest, toka nje, subiri dakika mbili, kisha angalia safu ya masafa kwenye orodha ya setilaiti. Ukiona L5 au E5a (jina la masafa hayohayo kwenye setilaiti za Ulaya), simu hiyo kwenye mawe inaweza kuishinda eTrex 22x kwa usahihi.

Kwa geocaching kwenye Android kuna c:geo, ni bure. Unayahifadhi makasha na ramani ukiwa na bando, halafu unatembea bila mtandao. Organic Maps au OsmAnd zinakupa ramani ya OpenStreetMap ya Tanzania nzima bila mtandao. GPS yenyewe haihitaji bando wala laini. Mtandao unaharakisha tu simu kuzipata setilaiti mwanzoni.

Simu inashindwa kwenye mambo haya: jua la saa sita likiipiga, inapata joto, inapunguza mwanga wa skrini na wakati mwingine inajizima. Skrini yenye matone ya maji haisikii kidole. Ikianguka juu ya jiwe, imekwenda. Betri ikiisha, mawasiliano yameisha nayo. Skrini ya GPS ya mkononi inalitumia jua lenyewe kuonekana, na jua linapokuwa kali ndipo unasoma vizuri zaidi.

Kayenze_Kusini
Naunga mkono. Niongeze habari ya betri, maana huku ndiko vifaa vingi vinakofia.

Hizo tatu zote zinatumia betri mbili za AA. Kiwandani wanasema 22x inakwenda saa 25, 65s saa 16, na SE saa 168 kwa matumizi ya kawaida. SE inafika huko kwa sababu skrini yake ni ya nyeusi na nyeupe na haina ramani za kina ndani yake. Ramani unaiona kwenye simu kupitia programu ya Garmin Explore.

Betri za dukani za bei ya chini kabisa, zile za saa ya ukutani na rimoti, nyingi ni za zinki na kaboni. Zinaweza kuwasha kifaa, lakini zinashuka haraka, na zikisahaulika ndani zinavuja na kula vile vibati vya kugusia. Chukueni za kuchaji aina ya NiMH zisizopoteza chaji zikikaa, milliamp-saa (mAh) 2000 hivi, jozi mbili kwa kila kifaa. Halafu ingia kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya aina ya betri, chagua NiMH. Betri ya kuchaji ina volti 1.2 na ya alkalini ina 1.5. Usipokiambia kifaa, kitakuonya kwamba chaji inaisha wakati bado ipo.

Zima WAAS/EGNOS. Mifumo hiyo ya masahihisho imejengwa kwa ajili ya Marekani Kaskazini na Ulaya, na huku ziwani inakula chaji bila faida. Taa ya skrini iweke sekunde 15, mchana huihitaji.

Nyegezi_Dira
Asanteni sana wakuu. Simu mbili kati ya zetu zimeonyesha L5, nyingine hapana. Sasa maswali mawili. Dira ya ndani ina umuhimu gani kwenye geocaching? Na kuna mtu ametuuzia wazo la kifaa kilichotumika kutoka nje, anasema kina ramani zote.

JiweLaPili
Dira kwanza. eTrex 22x haina dira ya sumaku. Mshale wake unajua uelekeo kwa kuangalia unakotembea, na ukisimama haujui tena unatazama wapi. Geocaching mita 10 za mwisho ni kusimama, kugeuka, kupanda hatua mbili, kusimama tena. Pale mshale wa 22x unazunguka tu. 65s ina dira ya mihimili mitatu, kwa hiyo hata ukiishika imeinama juu ya jiwe inasoma. SE nayo ina dira. Ukitaka eTrex yenye ramani na dira, tafuta 32x, ni 22x iliyoongezewa dira na kipima mgandamizo wa hewa, ambacho kifaa hukitumia kukadiria mwinuko. Na mkiitafuta 65, hakikisheni ina herufi s mwishoni. Ile ya 65 tupu haina hivyo viwili.

Dira inataka kurekebishwa kila ubadilishapo betri. Kifaa chenyewe kinakuongoza ukizungushe pande zote. Usifanye hivyo karibu na gari, nondo, au simu yenye kava la sumaku.

Kipima mgandamizo wa hewa kina kasoro ambayo kwa ukanda wetu ni lazima uijue. Kwenye nchi za joto mgandamizo unapanda na kushuka kila siku kwa ratiba: unafika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, unashuka chini karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti ni kama milibari 3, na kwa mwinuko wetu milibari moja ni karibu mita 9. Kwa hiyo kilima kilekile ukikipima saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kinaweza kuonekana kimepanda mita 25 au 30. Bahati nzuri tuna kipimo cha kudumu mlangoni: uso wa ziwa uko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Simama ukingoni, ingiza namba hiyo, kisha ndiyo upande.

Mama_Ramani
Kuhusu kifaa kilichotumika, mwanangu, kikague hivi kabla hujatoa hata shilingi.

Kiwashe nje na ukiache dakika 20 pasipo na paa. Kifaa kilichozimwa muda mrefu au kilichosafirishwa kutoka mbali kinatafuta setilaiti upya, na almanaka (orodha ya mahali setilaiti zote zilipo) peke yake inachukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Kisichopata chochote baada ya muda huo kiache.

Angalia tarehe. Mfumo wa GPS unahesabu wiki hadi 1,024 kisha unaanza sifuri, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Kifaa cha zamani ambacho hakijasasishwa kinaonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Mahali kinaweza kuonyesha sawasawa, ila nyakati za njia uliyorekodi zitakuwa za uongo.

Fungua nyuma: kutu ya kijani kwenye vibati ni dalili ya betri iliyovuja. Bonyeza kila kitufe. Funua kile kifuniko cha mpira cha sehemu ya waya. Kikiwa kimepasuka, kinga ya maji imekwisha. Kinga hiyo, inayoandikwa IPX7, ni ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, na inategemea kifuniko hicho.

Na hilo la "ramani zote": kifaa cha Marekani kina ramani ya kina ya Marekani. Mwanza utaiona kama doa na mstari wa barabara. Ramani yetu unaiweka mwenyewe na ni bure. Tafuta ramani ya Tanzania ya OpenStreetMap iliyotengenezwa kwa vifaa vya Garmin, faili lake linaishia na .img. Kwenye memori kadi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 tengeneza folda iitwayo Garmin, liweke humo, rudisha kadi, washa, kisha ingia kwenye mipangilio ya ramani uiwashe hiyo na kuizima ile ya awali. Zikiwaka zote mbili, moja inaifunika nyingine na utadhani ramani haikuingia. 65s na 22x zote zina nafasi ya kadi.

Igombe_Mwalo
Wakuu, ziwani ni habari nyingine. Hizo tatu zinazama. IPX7 inazuia maji kuingia, haizuii kifaa kwenda chini. Fungeni kamba yenye boya dogo, au kama safari za Ukerewe ni nyingi, angalieni GPSMAP 79s, hiyo inaelea yenyewe na inatumia AA.

Mshale wa GPS unanyoosha mstari. Haujui mwamba ulio chini ya maji wala kisiwa kilicho katikati. Ramani ya OpenStreetMap nayo haina vina. Na mstari wa ufuko kwenye ramani usiuamini sana, maji ya ziwa yanapanda na kushuka kwa miaka: 2020 na 2024 yalipanda mno, sehemu ambazo ramani inaonyesha nchi kavu zilikuwa maji. Kabla hamjaondoka mwaloni, wekeni pointi, yaani hifadhini koordineti za hapo kwenye kifaa. Washeni kurekodi njia, muweze kurudi kwa njia mliyokwendea. Mvuvi mwenyeji chomboni msimwache kwa sababu ya mashine.

Mtaa_wa_Rufiji
Tumesahau jambo linalowaumbua wengi kuliko kifaa chenyewe: namna ya kuandika koordineti. Geocaching inatumia digrii na dakika zenye desimali tatu, mfano S 02° 31.500 E 032° 54.000. Mtu akiisoma hiyo 31.500 kama dakika 31 na sekunde 50, ameondoka zaidi ya mita 600. Desimali ya tatu ya dakika ni karibu mita 1.8 ardhini, kwa hiyo usiikate.

Ukibadilisha kutoka digrii za desimali, zidisha sehemu ya desimali mara 60. 2.5167 inakuwa digrii 2, na 0.5167 mara 60 ni 31.002. Na S isigeuke N. Kosa hilo la herufi moja linakupeleka kaskazini mwa Uganda, upande wa Lira.

Mama_Ramani
Na datamu, yaani kielelezo cha umbo la dunia ambacho kifaa kinahesabia koordineti, iachwe WGS 84. Zile ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa Arc 1960, na ukisoma namba kwenye karatasi ukaziingiza kwenye kifaa kilicho kwenye WGS 84, utakosea karibu mita 300, sehemu kubwa ya kosa ikiwa kwenye mstari wa kaskazini-kusini. Ukitaka kutumia karatasi hizo, badili datamu ya kifaa iwe Arc 1960 na mfumo uwe UTM (koordineti za mita badala ya digrii), kanda ya 36 Kusini, kisha ukimaliza rudisha. Mjini Mwanza namba ya mashariki inaangukia karibu 490,000 na ya kaskazini inaanza na 97. Ukiona vingine, simama ukague.

Nawaomba pia, kifaa hiki kisitumike kugombania mipaka. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ukikipima kwa kifaa chenye kosa la mita 4, jibu halina maana. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi na vifaa vyake.

Kayenze_Kusini
Saa moja jioni hadi karibu saa sita usiku, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba jua linapokuwa na shughuli nyingi, tabaka la juu la hewa kwenye ukanda wa ikweta linavurugika na mawimbi ya setilaiti yanatetemeka. Kifaa kinaweza kupoteza setilaiti kadhaa kwa mpigo pasipo mwamba wala mti. Pointi za maana zipimeni mchana.

Nyegezi_Dira
Nimeelewa. Tunaelekea 65s moja kwa ajili ya mawe na SE moja ya njia ndefu, na zile simu mbili zenye L5 ziwe msaada. Swali la mwisho ni kuficha kasha. Tukilificha ndani ya ufa wa mwamba, koordineti tunazipataje zikiwa sahihi, kama hata 65s inasumbuka?

JiweLaPili
Usipimie ndani ya ufa. Tafuta mahali pa wazi mita 10 hadi 30 kutoka kwenye kasha, anga ionekane pande zote. Weka pointi, kisha tumia kazi ya kupata wastani wa pointi. Mtengenezaji anashauri sampuli 4 hadi 8, kila moja ikipishana na nyingine kwa dakika 90 au zaidi. Sababu ni kwamba setilaiti zinahama, na kosa la asubuhi halifanani na la mchana. Sampuli kumi ndani ya dakika kumi zinarudia kosa lilelile.

Ukishapata pointi nzuri, chukua utepe wa kupimia, pima umbali hadi kwenye kasha ukiwa umeulaza usawa, na usome uelekeo kwa dira. Kwenye 65s fungua pointi ile, chagua kazi ya kutupa pointi mpya, ingiza uelekeo na umbali. Koordineti zitakazotoka ndizo za kuchapisha. Dira na kifaa viwe vinatumia kaskazini moja, ya kweli au ya sumaku.

Na anayetafuta afanye kinyume: akifika mita 10 aache kuufuata mshale. Asimame pa wazi dakika tatu, asome umbali na uelekeo, kisha aende upande mwingine wa mwamba arudie. Mistari hiyo inapokutana ndipo pa kutafutia.

Mama_Ramani
Kasha lenyewe: chombo cha chakula chenye mpira kwenye mfuniko na vibanio pande nne kinafaa. Kiwe kivulini, maana jua letu linakausha plastiki ikapasuka. Daftari liwe ndani ya mfuko wa kufunga, na penseli badala ya kalamu ya wino, kwa sababu karatasi ikipata unyevu wino unasambaa. Usiweke chakula cha aina yoyote, pimbi na sisimizi watalifungua. Andika nje kwa Kiswahili kwamba ni mchezo na si kitu cha hatari.

Kasha halichimbiwi ardhini. Lazima liwe angalau mita 161 kutoka kasha jingine. Muombe ruhusa mwenye eneo, na mwenyekiti wa mtaa ajue. Kisiwa cha Saa Nane ni hifadhi ya taifa, huko msifiche kitu bila kibali cha hifadhi. Na kuna mawe watu wanafanyia matambiko. Waulizeni wazee wa pale kwanza, na wakisema hapana, iwe hapana.

Igombe_Mwalo
Mkono usiingie kwenye ufa usioonekana ndani. Tochi kwanza, kisha fimbo, ndipo mkono. Nyoka wa mawe wanapenda kivuli kilekile mnachokipenda kwa kasha. Anayeficha aliweke pale linapoonekana kwa tochi, na kwenye maelezo aandike kabisa kwamba hakuna haja ya kuingiza mkono zaidi ya kiwiko.

Nyegezi_Dira
Mama_Ramani, shikamoo, na wakuu wote shukrani. Jumamosi tunaanza na pointi ya majaribio Luchelele, sampuli ya kwanza saa mbili asubuhi, ya mwisho saa nane mchana. Nitaweka hapa namba za 65s na za simu kwa kila sampuli ili mzilinganishe.

JiweLaPili
Weka na idadi ya setilaiti kila sampuli, na useme simu ilikuwa mkononi au juu ya jiwe. Ukiilaza simu juu ya mwamba inapokea vibaya. Iinue usawa wa kifua.